Jina la Mwalimu

Katika shule za Nyankunde, karibu na Bunia, mtoto anayesema Kifaransa humwita mfundishaji mwanamume «maître», na mfundishaji mwanamke «madame». Akirudi kwa Kiswahili, wote wawili ni walimu. Je, neno hili limetoka wapi, nasi tumelitumia namna gani?

Tulilipata kwa Waarabu. Wao husema «muallim» kwa mwanamume na «muallima» kwa mwanamke. Waswahili wa pwani walipokea lile la kwanza tu, wakalitia katika jamii ya mtu na watu, nayo haitengi mume na mke. Wahispania hawakufanya vile. Walipata kwa Kilatini «magister» na «magistra», wakashika yote mawili: «maestro», «maestra». Hata «profesor», akiwa mwanamke, huitwa «profesora».

Sasa tutazame historia yetu. Walimu wa kwanza wa misioni katika Kongo, wale waliozunguka vijijini wakifundisha sala na katekismu, kwa kawaida walikuwa wanaume. Basi neno lilikuwa wazi kwa wote, lakini masikio yakazoea kusikia ndani yake mwanamume tu. Kisha mpango wa shule wa serikali ya Wabelgiji, mwaka 1948, ukaelekeza wasichana zaidi kwa kazi za nyumba. Baadhi yao wakawa «monitrices», wenzi wa «moniteurs».

Hata leo, pahali pengi, mwanamume anayefundisha wakatekumeni huitwa mwalimu. Mwanamke wa kazi ile ile huitwa mama tu. Mama ni jina la heshima kubwa. Lakini halitaji kazi yake, na kazi isiyotajwa huonekana kuwa msaada, si utume. Siku ya kugawa vitabu ama ya kwenda mafunzoni, mwenye jina ndiye anayekumbukwa.

Kanisa limetuonyesha njia. Mwinjili Yoane, katika sura ya 20, anaeleza kwamba Maria Magdalena alimwita Bwana mfufuka «Rabuni», maana yake Mwalimu. Na mara akatumwa kwa ndugu. Kilatini kikampa jina «apostola», na mwaka 2016 Papa Fransisko akafanya ukumbusho wake kuwa sikukuu. Tarehe 27 Septemba 1970 Papa Paulo VI alimtangaza Teresa wa Avila, Mhispania, kuwa mwalimu wa Kanisa. Watu wa kwao husema «doctora». Na tarehe 10 Mei 2021, kwa barua «Antiquum ministerium», Papa Fransisko aliweka huduma ya katekista kwa walei, wanaume na wanawake.

Lugha zile zilipaswa kugeuza neno ili kumtaja mwanamke. Yetu haina haja hiyo: neno liko tayari, lataka kutolewa tu. Basi, ninyi waseminari mtakaotumwa parokiani, siku mtakapoandika majina ya walimu katika daftari, muandike na yule mama.