Leseni ya Mshauri Nasaha wa Vinasaba Marekani Hufuata Mahali Alipo Mgonjwa

Nchini Marekani, leseni za taaluma za afya hutolewa na majimbo, si serikali ya shirikisho. Utaratibu huo unawahusu pia washauri nasaha wa vinasaba, yaani wataalamu wanaozieleza familia uwezekano wa kurithisha maradhi kama selimundu na baadhi ya saratani, pamoja na maana ya majibu ya vipimo.

Mshauri huhitaji shahada ya uzamili ya fani hiyo na kufaulu mtihani wa Bodi ya Marekani ya Ushauri Nasaha wa Vinasaba. Cheti cha bodi hiyo kinatambulika nchi nzima, lakini si leseni, na hapo ndipo wananchi wengi huchanganya mambo. Utah ilitangulia kutoa leseni mwanzoni mwa miaka ya 2000; sasa majimbo zaidi ya 30 yana sheria ya aina hiyo.

Ugumu hujitokeza katika ushauri kwa simu au video, kwa kuwa huduma huhesabiwa kutolewa mahali alipo mgonjwa wakati wa mazungumzo. Mathalani, mama anayeishi Indiana ameelezwa kuwa mtoto wake mchanga amebeba kinasaba cha selimundu. Mshauri aliyeko Cincinnati, mwenye leseni ya Bodi ya Tiba ya Jimbo la Ohio, kwa kawaida hulazimika kuwa na leseni ya Indiana pia ndipo amhudumie mama huyo akiwa nyumbani kwake. Mama akisafiri hadi kliniki ya Cincinnati, kikwazo hicho huondoka. Gharama ya safari hubaki kwake. Suala si dogo: ikiwa wazazi wote wawili wamebeba kinasaba hicho, kila ujauzito una uwezekano wa asilimia 25 wa kuzaliwa mtoto mwenye ugonjwa.

Wauguzi wana mkataba unaowaruhusu kutumia leseni moja katika majimbo wanachama. Mkataba huo hauwahusu washauri wa vinasaba, hivyo anayehudumia majimbo matano huweza kulipa ada tano na kufuatilia tarehe tano za kuhuisha leseni.

Kabla ya miadi, mgonjwa anashauriwa kueleza jimbo atakalokuwepo siku hiyo, hata kama yuko safarini, na kukagua jina la mshauri katika rejista ya leseni ya jimbo hilo. Pale ambapo jimbo halina sheria ya leseni, aulize kuhusu cheti cha bodi.