Thimlich Ohinga: Ukuta Usioenea Kwenye Picha Moja

Ukifika Thimlich Ohinga saa sita mchana, kamera itakudanganya. Huku ni chini kidogo tu ya ikweta. Jua hukaa utosini, na kati ya jiwe na jiwe hakubaki kivuli. Kinachotoka kwenye picha ni utepe mweusi chini ya mbingu nyeupe, na jamaa yako akiuona kwenye simu atauliza ulijisumbua vipi kwenda hadi Migori kupiga picha rundo la mawe.

Nilifanya kosa hilo safari ya kwanza. Nilitoka Homa Bay nikiwa nimeshachelewa, nikapita Rodi Kopany, nikapita Ndhiwa, matatu ikisimama kila penye mtu aliyeinua mkono, na bodaboda iliponishusha jua lilikuwa limeshakolea. Nilipiga picha arobaini na kitu. Usiku nilipozifungua, zote zilikuwa picha moja. Safari ya pili nililala jirani, nikafika langoni jua ndiyo kwanza linachomoza. Mwanga ulikuja kwa ubavuni ukaupapasa ukuta. Kila jiwe likatoa uso, kila mwanya ukajaa kivuli. Ndipo nikaona kilichokuwa kimefichwa na mchana: katika ukuta ule mzima sikupata mawe mawili yaliyolingana, wala sikuliona lililochongwa.

Kwa Dholuo, lugha ya Wajaluo, ohinga ni boma lililozungushiwa ukuta, mahali pa kukimbilia. Wingi wake ni ohingni. Thimlich ni msitu mnene unaotisha. Mahali penyewe pako kilomita 46 kaskazini-magharibi mwa mji wa Migori, na wataalamu wanakadiria kwamba kuta zilianza kuinuliwa katika karne ya 16, karne ile ile ambayo Wareno walijenga Fort Jesus kule Mombasa. Ya Mombasa tunajua hata aliyeichora, Mwitaliano Giovanni Battista Cairati, na mwaka wa kuanza kazi, 1593. Ya Migori haina mchoro wala mchoraji. Imebaki na majina ya wenye nyumba. Maboma makuu ni manne: Kochieng', Kakuku, Koketch na Koluoch. Ile "K" ya mwanzo ni "kwa": kwa Ochieng', kwa Oketch, kwa Oluoch, kama unavyoambiwa hadi leo ushuke kwa mzee fulani ndipo uulize njia.

Kuta zina kimo cha kati ya mita 1.5 na 4.5, na unene wa kati ya mita moja na tatu. Hakuna saruji, hakuna chokaa, hakuna hata udongo wa kushikiza. Mwambie fundi wa leo akupandishie ukuta wa mita nne kwa mawe ya kuokota shambani, naye atakuuliza nondo ziko wapi. Siri iko ndani. Ukuta mmoja ni kuta mbili, wa nje na wa ndani, zilizopandishwa kwa pamoja, na katikati yake kuna tabaka la tatu la mawe madogo linalozifunga zisiachane. Palipoelekea kuelemewa, wajenzi waliegemeza mawe mengine kwa nje. Kisha wakaepuka kona: ukuta unapinda, unarudi, unapinda tena.

Kwa fundi, mpindo ni nguvu. Kwa mpiga picha ni taabu tupu, maana hata ukiwa na lenzi pana kiasi gani, ukuta unakukimbia. Great Zimbabwe nako hawakutumia saruji, lakini matale yale yalipasuliwa yakapangwa safu juu ya safu kama matofali, na jicho linapata mstari wa kufuata. Thimlich haina mistari. Ina mawe meusi ya volkano ya kila umbo, na mpangaji aliyejua ni lipi linakubali kukaa juu ya lipi.

Basi niliacha kuutafuta ukuta mzima, nikaenda kuchutama langoni.

Lango ni jembamba na fupi, na juu yake yamelazwa mabamba marefu ya mawe yakifanya kazi ya linta. Mwongozaji aliniambia niiname, kisha akaniambia niiname zaidi. Kamera ikaning'inia shingoni ikagonga jiwe. Katika hatua zile chache huna ujanja: macho yako chini, kisogo chako kiko mbele yako, mikono inashikilia ukuta. Aliyekuwa akingoja upande wa ndani na rungu hakuhitaji hata kujificha. Nililala kifudifudi nikiwa bado katikati ya njia, nikaishusha lenzi hadi kimo cha macho ya ndama, nikapiga kuelekea ndani. Linta ikawa paa zito juu ya fremu, kuta zikabana kushoto na kulia, na mbele kabisa kukawa na kipande cha nyasi chenye jua. Hiyo ndiyo picha ya kwanza niliyoipiga Thimlich ambayo mtu aliyeiona hakuniuliza ni nini. Alisema tu kwamba asingependa kupita pale usiku.

Tena ndama hakuwa wa mfano. Boma lilijengwa kwa ajili ya watu na mifugo, na ndani ya ukuta mkubwa kuna kuta ndogo zilizokuwa mazizi. Ng'ombe ndiye aliyekuwa mali na mahari, na ndiye aliyewaita wavamizi. Wanaakiolojia wamekuta humu vigae vya vyungu, dalili za kuyeyusha na kufua chuma, na shanga za kioo ambazo hazikutengenezwa huku. Shanga zile ziliuzwa zikauzwa tena, mkono kwa mkono, kutoka Pwani hadi zikafika nchi hii ya ziwa. Msomaji wa Pwani asidhani basi kwamba haya ni ya wengine.

Kuna pia mwamba uliochimbwa vishimo vya bao, mchezo ambao Wajaluo huuita ajua. Mchana huvioni vizuri. Jioni, jua likilala, vishimo vinajaa kivuli kimoja kimoja, na unaweza kuvihesabu ukiwa umesimama mbali.

Nani alijenga? Swali hili limewahi kuharibu mazungumzo mazuri ya chai huko Migori, kila mmoja akiwapa wazee wa kwao sifa. Ninavyoona, linaulizwa vibaya. Ukuta wa mawe makavu haujengwi ukaisha, unatunzwa. Wakazi wamepokezana hapa tangu karne ya 16 hadi katikati ya karne ya 20, wenye lugha za Kibantu na wenye lugha za Kinailoti, na kila kizazi kilichoingia kilirudisha mawe yaliyoanguka, kikaongeza palipohitajika. Utawala wa Waingereza ulipozima vita vya uvamizi, hapakuwa tena na sababu ya kuishi watu wengi nyuma ya lango moja. Familia zikatawanyika kwenye mashamba, ua wa mnyaa ukatosha. Mahame yale yakawa gunda, mahali pa malisho na pa simulizi.

Wala Thimlich haikuwa peke yake. Mwaka 1967 Laurel Lofgren aliandika katika jarida la Azania kuhusu majengo ya mawe ya Nyanza Kusini, na baadaye Mkenya Isaya Onjala akatumia miaka mingi kuyatembelea na kuyaorodhesha. Hesabu inayotajwa ni majengo 521 katika maeneo 138, yaliyosambaa katika nchi ambayo leo imegawanywa kati ya kaunti za Migori na Homa Bay. Mengi yamebaki msingi tu, mawe yake yakiwa yamehamia kwingine. Serikali iliitangaza Thimlich kuwa mnara wa kitaifa mwaka 1981. Mwaka 2000 ikaingia katika orodha ya World Monuments Fund ya maeneo yaliyo hatarini. Mwaka 2018, katika kikao kilichofanyika Manama, Bahrain, UNESCO ikaiandika kuwa Urithi wa Dunia, ya saba kwa Kenya.

Tangu hapo wapiga picha wameongezeka, na wengi wanakuja na droni. Sheria inataka uwe na idhini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na Makumbusho ya Taifa ndiyo yenye kauli juu ya mahali penyewe, kwa hiyo usifike na mashine yako ukadhani ni arusi. Nimeziona picha za angani na sizidharau. Zinaonyesha duara ndani ya duara, zizi ndani ya boma, na jinsi malango yalivyoelekezwa. Lakini ukiwa juu, kimo kinakufa. Ukuta unaokupita mara mbili na zaidi unakuwa uzi uliotupwa kwenye nyasi. Droni hutoa ramani nzuri na picha mbovu.

Nilipokuwa Homa Bay nilifika pia Rusinga, kwenye kaburi la Tom Mboya, waziri aliyepigwa risasi Nairobi tarehe 5 Julai 1969. Mpiga picha Mohamed Amin aliwahi siku ile na kamera yake, na kazi yake ikamletea tuzo Uingereza. Jengo lililosimamishwa juu ya kaburi lina umbo la risasi. Ukiliona kutoka mbele umeshalielewa: limejengwa liseme neno moja, na linalisema kabla hujaondoa kifuniko cha lenzi. Ndiyo maana karibu kila picha yake inafanana na nyingine, na sioni ubaya wowote. Mnara wa msiba unapaswa kueleweka upesi. Kuta za Thimlich hazikuwekwa ili zitazamwe. Ziliwekwa ili aliye nje asione kitu, na hadi leo kazi hiyo zinaifanya, hata dhidi ya kamera.

Isipokuwa mahali pamoja: palipobomoka.

Kuna sehemu ambapo mawe ya nje yameporomoka na ukuta umefunguka kama mkate uliokatwa. Wageni wengi wanapapita haraka, wanatafuta palipo pazima. Mimi nilitumia asubuhi nzima pale. Ukiisogeza kamera karibu, unaona uso wa nje wenye mawe makubwa, kisha ule ujazo wa mawe madogo, mengine ya ukubwa wa ngumi, kisha mgongo wa ukuta wa ndani, ambao ulikusudiwa usionwe na mtu na bado umepangwa kwa adabu. Katika mwanya mmoja niliona jiwe dogo lililosukumwa chini ya kubwa lisicheze, kama tunavyokunja karatasi na kuiweka chini ya mguu wa meza. Aliyelisukuma alijua kwamba litafunikwa dakika chache baadaye.

Picha ya namna hii ina faida nyingine. Ukuta mkavu hauanguki bila taarifa, kwanza hufura. Tumbo linatoka kidogo, mzizi wa mti unasukuma, mbuzi anapanda, halafu siku ya mvua mita tatu zinalala chini. Jicho halioni mfuro wa miaka kumi. Picha mbili zilizopigwa kutoka mahali pale pale, kwa miaka tofauti, zinauona. Mhifadhi akizilinganisha anajua pa kuwahi, na pakishaanguka anajua jiwe lipi lilikuwa wapi.

Kwa hiyo nina maombi mawili. Kwanza, usipande juu ya ukuta ili upigwe picha. Jiwe lililokushikilia wewe halijashikiliwa na kitu isipokuwa uzito wa wenzake. Pili, kama nyumbani kwenu Nyatike, Ndhiwa au Karungu kuna albamu ya zamani, ifungue uangalie nyuma ya watu. Nyuma ya babu aliyevaa koti, nyuma ya bibi harusi, nyuma ya watoto wa Jumapili waliopangwa mstari. Ukiona mawe meusi yamepangwa bila saruji, andika mwaka na mahali nyuma ya ile picha, kisha upeleke nakala kwa watu wa Makumbusho ya Taifa.