Tasnifu isirudishwe kwa sababu ya marejeleo: mwongozo kwa wanetu walioko chuoni

Mwaka jana binti wa dada yangu alikosa mahafali. Utafiti wake wa uzamili ulikuwa umekwisha, watahini wameshamuuliza maswali naye ameshayajibu, na mamake ameshashona nguo ya siku hiyo. Tasnifu ikarudishwa na ofisi ya chuo. Kurasa za mwanzo zilikuwa na nambari za kawaida badala ya za Kirumi. Vitabu kumi na vinne alivitaja ndani ya kazi lakini havikuwamo kwenye orodha ya marejeleo. Vyengine sita vilikuwa kwenye orodha, na hakuna mahali alipovitaja. Kurekebisha kulimchukua wiki tatu, na wiki tatu hizo ndizo zilizompitisha tarehe ya mwisho. Akangoja mwaka mzima na kulipa ada ya muhula mwengine.

Mimi nina diploma tu, tasnifu sijaandika. Lakini kwa miaka mingi nimekaa mbele ya kompyuta nikiwachapia na kuwapangia wanetu kazi zao, na nimeona kuwa makosa yanayowarudisha ni yale yale. Nimeyakusanya hapa kwa faida ya anayeandika sasa, na kwa mzazi anayelipa ada na hajui mwanawe anakwama wapi.

Kwanza, mwongozo wa chuo chako

Kabla ya kuchapa neno moja, nenda ofisi ya masomo ya uzamili au idara yako uchukue mwongozo wa kuandika tasnifu. Huo ndio unaohukumu. Usiige tasnifu ya mwenzako aliyehitimu miaka mitano nyuma, maana huenda mwongozo ulishabadilika, au yeye alisoma kitivo chengine.

Mitindo ya marejeleo ni mingi. APA hutumika sana katika elimu, saikolojia na sayansi za jamii. MLA hutumika katika lugha na fasihi. Wanahistoria wengi hupenda Chicago, ambayo huweka vyanzo katika tanbihi chini ya ukurasa. Wa afya hutumia Vancouver, ambamo kila chanzo hupewa nambari. Uliza pia ni toleo la ngapi. APA iko katika toleo la 7, lililotoka Oktoba 2019, na MLA toleo la 9 lilitoka 2021. Msimamizi aliyesoma zamani huenda akakuelekeza kwa toleo la 6 la APA bila kukusudia. Muulize kwa adabu, na akikubali toleo jipya, andika jibu lake mahali usilipoteze.

Mpangilio wa sehemu

Vyuo vyetu vingi hufuata mpangilio huu: ukurasa wa jina, ikirari yako na idhini ya wasimamizi, tabaruku, shukrani, ikisiri, yaliyomo, orodha ya majedwali na ya michoro, kisha vifupisho na ufafanuzi wa istilahi. Vyuo vyengine huweka ikisiri baada ya yaliyomo, kwa hiyo tazama mwongozo. Hapo ndipo zinapoingia sura, na mara nyingi huwa tano: utangulizi, mapitio ya maandishi, mbinu za utafiti, matokeo na mjadala, halafu hitimisho na mapendekezo. Baada ya sura huja marejeleo, na mwisho kabisa viambatisho.

Kwenye viambatisho weka dodoso au maswali ya mahojiano, kibali cha kamati ya maadili ikiwa utafiti wako ulikihitaji, na leseni ya utafiti kutoka Tume ya Kitaifa ya Sayansi, Teknolojia na Uvumbuzi, yaani NACOSTI. Leseni hiyo ni takwa la sheria ya mwaka 2013, na huchukuliwa kabla ya kwenda nyanjani. Nimewaona waliokwenda Faza na Kizingitini kukusanya data kwanza, wakakumbuka leseni baadaye. Hapo kazi yote huingia shaka.

Sura ya ukurasa

Mara nyingi utaambiwa utumie fonti ya Times New Roman ya ukubwa wa 12, na nafasi ya mstari mmoja na nusu au miwili. Pambizo ya kushoto huwa pana kuliko nyengine, kwa sababu kitabu kikijalidiwa maneno ya upande huo humezwa.

Kurasa za mwanzo hadi kabla ya sura ya kwanza hupewa nambari ndogo za Kirumi. Kuanzia sura ya kwanza unaanza 1. Wengi hujaribu kuziandika kwa mkono ukurasa mmoja mmoja na mambo huvurugika. Katika programu ya Word, katiza sehemu mwisho wa kurasa za mwanzo, kisha ondoa kiungo kati ya sehemu hizo mbili. Kila sehemu itahesabu kivyake.

Vichwa vya sura na vijisehemu pia usivikoleze wino tu. Tumia mitindo ya vichwa iliyomo ndani ya programu, kichwa cha kwanza, cha pili na cha tatu. Ukifanya hivyo, jedwali la yaliyomo litajitengeneza lenyewe, na ukiongeza ukurasa utalisasisha kwa kubofya mara moja. Anayeandika yaliyomo kwa mkono, akipiga nukta nukta mpaka ukingoni, atayaandika upya kila msimamizi anapomrudishia kazi.

Jedwali huwekwa nambari na jina juu yake. Kwa michoro na picha, APA ya sasa huweka jina juu, ilhali miongozo ya baadhi ya vyuo husema chini. Hapo tena fuata chuo.

Kutaja chanzo ndani ya kazi

Mtu akikukopa, dawa ya deni ni kulipa. Wazo la mtu nalo ni deni. Sisi tuliokulia madrasa hatuna udhuru, maana tulifundishwa kuwa hadithi haipokewi mpaka ijulikane nani kaipokea kwa nani.

Tuchukue kitabu ambacho wengi wetu tunakijua, Historia ya Kiswahili cha Shihabuddin Chiraghdin na Mathias Mnyampala, kilichochapishwa na Oxford University Press 1977. Tuseme, kwa mfano tu, umenukuu ukurasa wa 20. Kwa APA utaandika (Chiraghdin na Mnyampala, 1977, uk. 20). Kwa MLA ni (Chiraghdin na Mnyampala 20), bila mwaka na bila koma.

Ukiyasema mawazo yao kwa maneno yako, bado unawataja. Hapa ndipo wengi huanguka. Hudhani kuwa wakibadilisha maneno deni limefutika.

Waandishi wakiwa watatu au zaidi, APA ya toleo la 7 hukuruhusu kumtaja wa kwanza na kuongeza "na wenzake" tangu mara ya kwanza. Nukuu ikifika maneno 40, iondoe ndani ya aya, isogeze kuelekea kulia, na usiifunge kwa alama za mtajo. Kwa MLA, nathari ikizidi mistari minne, au shairi likizidi mistari mitatu, nalo hutengwa hivyo hivyo.

Orodha ya marejeleo

Kitabu kile kile katika orodha ya APA kitakaa hivi: Chiraghdin, S., na Mnyampala, M. (1977). Historia ya Kiswahili. Oxford University Press. Katika MLA kitakaa hivi: Chiraghdin, Shihabuddin, na Mathias Mnyampala. Historia ya Kiswahili. Oxford UP, 1977. Jina la kitabu liwe kwa italiki katika mitindo yote miwili.

Tazama mambo matatu. APA hufupisha jina la kwanza, MLA huliandika kamili. APA huweka mwaka baada ya jina, MLA huupeleka mwisho. Na mji wa mchapishaji, ambao toleo la 6 la APA liliutaka, umeondolewa katika toleo la 7. Ukiona orodha moja ina vitabu vyengine vyenye mji na vyengine bila mji, jua mwenyewe amenakili huku na huku.

Orodha hupangwa kwa alfabeti. Mstari wa kwanza wa kila chanzo huanzia ukingoni na inayofuata huingia ndani kidogo. Tasnifu ya Kiswahili itumie "na" au alama ya "&"? Muulize msimamizi, uchague moja na usibadilishe njiani.

Vyanzo vya kwetu

Miongozo mingi iliandikwa na watu wasioyajua majina yetu wala tenzi zetu, kwa hiyo hapa mwanafunzi wa Pwani hubaki akibabaika.

Majina. Profesa Ali A. Mazrui na Profesa Alamin M. Mazrui wote ni Mazrui, A., na wapo hata waliowafanya mtu mmoja. Katika orodha waandike Mazrui, A. A. na Mazrui, A. M. Ndani ya kazi, APA hutaka uongeze herufi za mwanzo ili msomaji awatofautishe: (A. A. Mazrui, 1986) na (A. M. Mazrui, 2007). Vyeo kama Sheikh, Ustadh, Daktari na Profesa haviingii kwenye marejeleo. Lakini angalia usikate pasipokatwa. Kwa Ahmed Sheikh Nabhany, neno hilo limo ndani ya jina, naye huandikwa Nabhany, A. S.

Tenzi na mashairi. Taja nambari ya ubeti, na useme ni toleo la mhariri gani. Al-Inkishafi, kwa mfano, ilihaririwa na Hichens 1939 na tena na Allen 1977. Msomaji akifungua toleo ambalo silo lako, asipotee. Kama umetumia mswada wa hati za Kiarabu, taja maktaba inayouhifadhi na nambari yake ya kumbukumbu.

Qur'ani. Taja sura na aya, kama 2:282, aya ile ndefu inayohimiza deni liandikwe. Ukitumia tafsiri ya Kiswahili, sema ni ya nani, mathalani ya Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy ya 1969. Hadithi nazo zitajwe kwa mkusanyaji na nambari. Kusema "Mtume amesema" peke yake hakutoshi katika tasnifu.

Wazee. Aliyehojiwa kama sehemu ya data yako, kwa APA, hawekwi katika orodha ya marejeleo. Humtaja kwa namna mlivyokubaliana, na mara nyingi huwa kwa nambari, kama Mhojiwa wa 4. MLA huyaingiza mahojiano katika orodha. Nami naomba jambo moja. Mzee akikupa shairi la babuye au jina la kale la mtaa, muulize kama angependa atajwe, na akikubali, fuata kanuni za maadili za chuo umwandike. Wangapi wamekuja Lamu na Siyu, wakanywa kahawa yetu, wakaandika vitabu, na mzee aliyewafundisha akabaki "mkaazi mmoja"? Sisi wenyewe tusiyaendeleze hayo.

Wizi wa maandishi na akili bandia

Vyuo vingi hupitisha tasnifu katika programu kama Turnitin, inayoonyesha asilimia ya maneno yanayofanana na kazi nyengine. Kiwango kinachokubaliwa hutofautiana, uliza cha chuo chako. Asilimia hiyo peke yake si hukumu, kwa sababu huhesabu hata nukuu ulizozitaja vyema. Lakini aya nzima isiyo na jina la mwenyewe haina utetezi.

Siku hizi wapo wanaoiomba akili bandia iwaandikie marejeleo. Programu hizi huweza kukutungia kitabu kisichokuwapo, chenye jina zuri, mwaka na mchapishaji. Mtahini akikitafuta asikione, hatailaumu mashine. Usiweke katika orodha kitu ambacho hukukishika au kukifungua mwenyewe.

Na wale wanaonunua tasnifu iliyoandikwa tayari, mimi nimeombwa mara nyingi niwatafutie mwandishi, nikakataa. Kuchapa ni kazi. Kuandika kwa niaba ya mtu atakayeitwa mwanachuoni ni kumsaidia adanganye.

Kabla ya kujalidi

Anza orodha yako siku ile ile unaposoma kitabu cha kwanza. Programu ya Zotero ni ya bure na huhifadhi vyanzo na kuvipanga kwa mtindo unaoutaka. Hata hivyo ikague, kwa sababu ukiingiza jina vibaya itakupangia vibaya. Asiyependa programu na atumie daftari: mwandishi, mwaka, jina la kazi, mchapishaji, ukurasa. Hifadhi nakala ya kazi yako mahali pawili, mojawapo iwe barua pepe, maana nimeona machozi ya mtu aliyeangusha flashi baharini akiwa kwenye feri.

Kazi ikimalizika, toa fotokopi ya orodha ya marejeleo. Shika kalamu, pitia tasnifu ukurasa kwa ukurasa, na kila jina ulilolitaja litie alama kwenye orodha. Lisiloonekana kwenye orodha liongeze, na la orodha lililobaki bila alama liondoe. Ni kazi ya siku mbili. Kisha mpe mwenzako akusomee, kwa sababu jicho la mwenyewe husoma alichokusudia.

Binti wa dada yangu alihitimu mwaka huu, alhamdulillahi. Nguo ilibidi ipunguzwe kidogo. Orodha yake alikuwa ameikagua kwa kalamu nyekundu mara tatu, na sasa wadogo zake wakimjia na kazi zao, ukurasa anaoufungua kwanza ni wa mwisho.