Kibubu cha Safari: Kutoka Lancashire Hadi Kikundini Kwetu



Katika kijitabu hiki mtasoma habari za hisa, mikopo na mfuko wa jamii. Sisi tuliopewa ukurasa huu tumeombwa tueleze habari za mfuko wa safari, maana ndio ulioleta maneno mengi kikundini kuliko jambo lingine lolote. Mpaka leo wapo wanaouliza: mama wa sokoni na matembezi ya Ulaya, wapi na wapi? Swali si baya. Lakini kabla ya kulijibu, inafaa tujue hao watu wa Ulaya wenyewe walianzaje kutembea, maana wengi wao hawakuwa matajiri hata kidogo.

Kwanza tuanze na yaliyotupata. Mwaka 2019, ulipokuwa mwaka wetu wa nne, mwenzetu mmoja anayeuza vitenge alipata habari kwamba bintiye aliyeko Ujerumani amejifungua. Nani asiyetaka kumwona mjukuu? Akaja kikaoni akaomba mkopo, akasema ni wa kuongeza mzigo dukani. Tukampa. Kumbe zile fedha alizipeleka kwa wakala akalipia tiketi ya ndege kabla ya kupata viza. Viza akanyimwa. Tiketi ilikuwa ya aina isiyorudishwa fedha, na ada ya viza nayo haikurudi. Mkopo ukabaki shingoni mwake. Jamani, siku hiyo sanduku letu lilinusurika kuvunjwa! Wanachama wawili walitoka na hawajarudi. Mwenyewe ameturuhusu tuyaandike haya, akasema, “Andikeni, mwenye macho ajifunze.”

Basi tuitazame historia. Tarehe 5 Julai 1841, huko Uingereza, seremala na mhubiri aitwaye Thomas Cook alikodi treni kutoka Leicester kwenda Loughborough kuhudhuria mkutano wa watu wanaopinga ulevi. Walisafiri watu wapatao 500, kila mmoja kwa shilingi 1 ya Kiingereza. Siri yake ilikuwa ndogo: watu wakiwa wengi na wakilipa pamoja, nauli inashuka. Mwaka 1855 akaanza kuwavusha watu bahari kwenda Ulaya bara. Mwaka 1868 akaanzisha kuponi za hoteli, ambazo mtu alizilipia kabla hajaondoka nyumbani, akajua kabisa kitanda na chakula vitamgharimu kiasi gani. Ndiyo bajeti hiyo!

Hata hivyo, waliosafiri na Cook kwenda nchi za mbali walikuwa watu wenye nafasi kidogo. Wanaofanana nasi zaidi ni wafanyakazi wa viwanda vya pamba vya Lancashire, wanawake kwa wanaume. Katika miji kama Oldham, kila mwaka viwanda vilifungwa kwa siku kadhaa, baadaye kwa wiki nzima, na muda huo haukuwa na mshahara. Wafanyakazi wakabuni vyama vya akiba kiwandani, kanisani na hata kwenye vilabu vya pombe. Kila wiki mtu alitoa senti zake chache, zikaandikwa, na likizo ilipokaribia fedha zikagawiwa. Watu walipanda treni kwenda pwani, hasa Blackpool, wakala raha zao, wakarudi kazini bila deni. Tuliposoma habari hiyo tulicheka. Si ndiyo kuvunja sanduku kwetu mwisho wa mwaka?

Likizo yenye malipo ilikuja baadaye sana, na haikuletwa kwenye sahani. Huko Ufaransa, wafanyakazi waligoma kwa wingi mwaka 1936, na serikali ya Léon Blum ikaweka sheria ya likizo ya siku 15 yenye malipo. Waziri mdogo Léo Lagrange akahakikisha inapatikana tiketi ya treni yenye punguzo la asilimia 40 kwa wafanyakazi. Uingereza ikapitisha sheria yake ya likizo yenye malipo mwaka 1938. Na huko Uswisi, mwaka 1939, kilianzishwa chombo cha ushirika ambacho jina lake maana yake ni mfuko wa safari wa Uswisi, maarufu kama Reka. Watu waliokuwa na kipato kidogo walinunua stempu za akiba kidogo kidogo, kwa bei iliyopunguzwa, kisha wakalipia nazo safari. Chombo hicho kipo mpaka leo.

Usidhani baada ya hapo mambo yalinyooka. Uingereza ilipoishiwa na fedha za kigeni mwaka 1966, serikali iliamuru msafiri asitumie nje zaidi ya pauni 50 kwa mwaka kwa ajili ya matembezi. Kikomo hicho kilidumu mpaka mwanzoni mwa 1970. Kwa hiyo hata wao waliwahi kuhesabu mkate wa asubuhi. Huko Marekani, Arthur Frommer alitoa mwaka 1957 kitabu kilichofundisha jinsi ya kuishi Ulaya kwa dola 5 kwa siku. Dola 5 hizo zilikuwa za kulala na kula tu, nauli ilihesabiwa mbali. Dola 5 za wakati ule hazirudi tena, lakini hesabu yake bado ni nzuri: tafuta gharama ya siku moja, zidisha kwa idadi ya siku, kisha nauli na mengineyo yaandike kwenye mstari wake.

Ulaya ya sasa imerahisisha jambo moja na kuzidisha lingine. Noti na sarafu za euro zilianza kutumika tarehe 1 Januari 2002, kwa hiyo mtu anavuka nchi nyingi bila kubadilisha fedha. Mkataba wa Schengen wa 1985, ulioanza kutekelezwa 1995, uliondoa ukaguzi mipakani kati ya nchi nyingi. Lakini sisi wa huku mlango wa kwanza ni viza, na tangu tarehe 11 Juni 2024 ada yake kwa mtu mzima ni euro 90. Ukinyimwa, hairudi. Bima ya safari nayo ni lazima, isiyopungua kinga ya euro 30,000. Anayetaka kufika na Uingereza ajue kwamba huko kunahitajika viza nyingine.

Baada ya yaliyotupata, tulikaa vikao vitatu. Tukakubaliana mambo manne. Kwanza, mfuko wa safari uwe na daftari lake na usiguse mikopo. Pili, hakuna kukopa kwa ajili ya matembezi. Tatu, tiketi hailipiwi mpaka viza iwe mkononi. Nne, kila bajeti iwe na fungu la dharura.

Mwenzetu alimaliza kwanza deni lake. Halafu, tangu 2021, akawa anaweka fungu la safari kila wiki, hata wiki ambazo vitenge havikununuliwa. Mwaka 2024 tulikaa naye tukapiga hesabu. Angekaa siku 21 kwa bintiye, kwa hiyo malazi hayakuwepo. Fedha ya mkononi euro 10 kwa siku, jumla 210. Tiketi ya mwezi ya mabasi na treni za kawaida huko Ujerumani, kwa bei ya mwaka ule, euro 49. Viza euro 90. Hapo ni 349. Tukaongeza 51 za dharura, ikawa 400 kamili. Nauli ya ndege na bima tuliziandika mbali. Tena tulinunua euro kidogo kidogo, maana shilingi yetu ikishuka, akiba ya miaka mitatu inaliwa bila mwizi kuingia ndani.

Safari hii bintiye alimtumia barua rasmi ya dhamana. Viza ikatoka. Ndipo tiketi ikalipiwa, wala si siku moja kabla. Mwezi Septemba akaondoka akiwa na khanga mbili za mjukuu, ambaye sasa alikuwa anakimbia na kuuliza, “Bibi, unatoka wapi?”

Aliporudi aliweka mezani euro 51 za dharura, zote, mbele ya kikao. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Mweka hazina alizihesabu mara mbili, na wale waliokuwa wakinung'unika wakanyamaza kidogo.

Kwa hiyo jibu letu kwa wanaouliza wapi na wapi ni hili. Msokota nyuzi wa Oldham hakuwa tajiri kuliko muuza vitenge wetu. Alichokuwa nacho ni wenzake, daftari na subira. Wale wawili waliotuacha mwaka 2019, tunawaambia hapa hapa kwamba walikuwa na haki ya kukasirika, na nafasi zao kikundini bado zipo. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba chenyewe kisiwe kimetoboka.

Mpaka tunaandika haya, daftari la safari lina majina matano. Karibuni.