Jino la Bandia Hushikwa na Nini?

Hapa Ihanda mgeni akifika nyumbani huletewa kahawa kavu za kutafuna, na hapo ndipo hujulikana mtu aliyepotewa na magego. Ndizi zilizopikwa zikalainika hazimshindi mtu, lakini buni hutaka meno. Siku hizi wako wavaao meno ya bandia, yaani kibamba kidogo chenye meno mawili matatu, ambacho mtu hukitia kinywani asubuhi na kukitoa usiku akakiosha. Wengi hudhani kazi kubwa ya fundi ni kulifanya jino lenyewe. Sivyo. Jino la kutia lilipatikana tangu zamani. Shida ilikuwa kulishika lisianguke.

Waetruski, watu walioishi Italia kabla ya enzi ya Warumi, walijaribu kazi hiyo zaidi ya miaka 2,500 iliyopita. Walizungusha ukanda mwembamba wa dhahabu katika meno mazima ya mtu, na penye pengo wakatia jino jingine, wakalipigilia kwa kijiti cha dhahabu kilichopita katikati yake. Basi tangu mwanzo meno yaliyosalia ndiyo yaliyoyabeba ya bandia.

Baada ya Warumi kazi hiyo ilififia kwa muda mrefu. Tuje katika Marekani. George Washington, alipoapishwa kuwa rais wa kwanza mwaka 1789, alikuwa na jino lake moja tu kinywani. Fundi John Greenwood alimchongea bamba la pembe ya kiboko, akapigilia juu yake meno ya watu, akaacha tundu ili lile jino moja lipite na kulishika bamba. Pembe ya kiboko ilipendwa kwa ugumu wake. Lakini hayo meno ya watu yalitoka wapi? Katika daftari la hesabu la nyumba ya Washington, mwaka 1784, imeandikwa kwamba watu weusi walilipwa shilingi 122 kwa meno 9. Shambani kwake watu weusi walikuwa watumwa, na mtumwa hana nafasi ya kukataa hata akionyeshwa fedha. Tena baada ya vita vya Waterloo, mwaka 1815, watu waliyang'oa meno ya askari waliokufa wakayauza kwa mafundi. Mimi naona habari hii isifichwe, maana tabasamu ya tajiri ilinunuliwa kwa kinywa cha mwingine.

Aliyesaidia kuiondoa biashara hiyo ni Mwitalia Giuseppangelo Fonzi, aliyekuwa akifanya kazi Paris. Mwaka 1808 alionyesha meno ya kaure, moja moja, kila jino likiwa na kikulabu cha platini kilichochomwa pamoja nalo katika tanuri. Kikulabu hicho kiliunganishwa kwa kuyeyusha madini juu ya bamba la dhahabu. Kaure haiozi wala hainuki kama pembe. Ila dhahabu ilikuwa ya wenye mali.

Speke alipofika kwa Mukama Rumanika mwaka 1861, pembe za ndovu zilikuwa zikitoka kwetu Karagwe kwenda Unyanyembe na pwani. Lakini kwa kazi ya meno, siku za pembe zilikuwa zimeanza kupita. Charles Goodyear wa Marekani alikuwa amegundua namna ya kupika mpira pamoja na kiberiti ukawa imara, akapata hati yake mwaka 1844; na katika miaka ya 1850 mpira mgumu ulianza kufanywa bamba la meno. Ulishindiliwa ungali laini katika kalibu, ukaingia katika matundu ya meno ya kaure au kuzishika pini zake, kisha ukapikwa kwa mvuke. Hapo bei ilishuka, hata watu wa kawaida wakaweza kununua.

Mwishoni mwa miaka ya 1930 ikaja akriliki, nayo ndiyo itumikayo zaidi hata leo. Fundi hupanga meno juu ya nta, huyafunika kwa plasta, huiyeyusha nta akaiosha kwa maji ya moto, kisha hujaza akriliki laini kama unga uliokandwa na kuipika. Jino la kaure haliungani na akriliki. Lazima liwe na pini au tundu. Jino la akriliki huungana nayo, kwa kuwa ni jamii moja, ila nta kidogo ikibaki chini yake litang'oka baadaye. Bamba likiwa la chuma, fundi huacha matundu kama ya wavu, akriliki ipenye na kushika.

Kibamba chenyewe hushikwa na vikulabu vinavyokumbatia meno ya mtu mwenyewe. Kwa hiyo yule asemaye, "Ning'oeni yote, nitavaa ya bandia," huwa amejiondolea nguzo. Tena kibamba hakichemshwi, maana maji ya moto sana hukipinda kisikae tena mahali pake. Na jino likichomoka lisibandikwe kwa gundi ya dukani. Lipelekwe pamoja na kibamba kwa fundi, naye atakwaruza sehemu iliyoachana na kuliunganisha kwa akriliki mpya.