Mnara wa Karatu na historia ya kusubiri

Ukiwa ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, ukatuma pesa kwa simu, ni rahisi kudhani kwamba simu ikishaongea na mnara kazi imekwisha. Kumbe ndiyo kwanza inaanza. Mnara haujui salio lako. Ni lazima upeleke ombi lako mbali, kwenye mitambo ya kampuni, kisha usubiri jibu. Safari hiyo ya nyuma ya mnara haionekani, ila ndiyo inayoamua nani atasubiri na kwa muda gani.

Hadi katikati ya 2009 Tanzania haikuwa na mkongo wa faiba wa baharini, kwa hiyo intaneti yetu ya kwenda ng'ambo ilipita kwenye setilaiti. Setilaiti za aina hiyo hukaa kilomita 35,786 juu ya ikweta. Piga hesabu: kupanda na kushuka ni zaidi ya kilomita 71,000, na hata kwa kasi ya nuru hiyo ni karibu robo sekunde. Swali na jibu, nusu sekunde. Waliowahi kupiga simu za aina hiyo wanakumbuka: unasema haloo, kimya, halafu wote mnaongea kwa pamoja. Simu haikuwa mbovu, umbali ulikuwa mkubwa.

Julai 2009 mkongo wa SEACOM ulianza kazi Dar es Salaam, na EASSy ukafuata 2010. Mwaka huohuo wa 2009 Serikali ilianza kujenga Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano. Na Oktoba ya mwaka huo Charles Kao akatangazwa mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Fizikia, kwa kazi aliyoichapisha 1966 akionyesha kwamba kioo safi kinaweza kubeba nuru umbali mrefu. Miaka 43 kati ya wazo na tuzo! Nuru ndani ya kioo hutembea takribani kilomita 200,000 kwa sekunde. Hata waya ukizunguka kilomita 1,000 kutoka Karatu hadi Dar, ni milisekunde 5 tu kwenda.

Hapa wengi hukosea. Hudhani faiba imeshinda redio kwa kasi. Hapana, mawimbi ya redio hewani yanakimbia kuliko nuru kwenye kioo. Shida ya yale madishi ya minarani ni nyingine: lazima yaonane, na milima ya Ngorongoro haikupangwa kwa ajili yetu. Kila kilima cha kurushia kinataka mnara, umeme, mlinzi na dizeli. Halafu data zikizidi, redio inajaa mapema.

Sasa, kuvuta faiba ya peke yake kwa kila mnara ni ghali. Miaka ya 1980 wahandisi wa British Telecom walipendekeza njia ya kubana matumizi: uzi mmoja utoke kituoni, njiani uingie kwenye kigawanyaji cha kioo, utoke matawi mengi. Kigawanyaji hicho hakitumii umeme hata kidogo. Mtandao wa namna hii huitwa PON, na ulikusudiwa zaidi nyumba za mijini.

Kushuka, mambo ni rahisi: nuru inasambaa matawi yote. Kupanda ndiyo kuna foleni. Wawili wakiwasha leza kwa wakati mmoja, ujumbe unagongana. Kwa hiyo kituo kinagawa zamu, kama mwenyekiti wa kikao: unanyoosha mkono, unasubiri kuitwa, ndipo unaongea. Kunyoosha mkono na kuitwa kunaweza kula milisekunde nzima au zaidi. Ukiwa unatazama video nyumbani hutahisi kitu. Mnara ambao sehemu ya ubongo wake imehamishiwa kituoni hauna subira hiyo. Njia yake kwa kawaida hupewa takribani mikrosekunde 100 tu.

Jibu lilitoka kwenye jambo dogo ambalo, nikiri, lilinifurahisha nilipolisoma. Mnara ndio unaozipangia simu zetu muda wa kutuma. Maana yake tayari unajua data zitafika lini! Mwaka 2014 watafiti wa NTT ya Japani walieleza namna ya kukipa kituo cha PON ratiba hiyo mapema. Mkono unanyooshwa kabla data hazijafika, zikifika zinakuta zamu iko wazi.

Je, sisi tuukimbilie mtindo huo? Mimi nasema tusikurupuke. Kilomita 20 za kioo peke yake zinamaliza zile mikrosekunde 100, na minara ya bonde la Eyasi au nyanda za Ngorongoro haijabanana kama ya Kariakoo. Huku ni afadhali mnara ubaki na ubongo wake wote, utumie PON kwa usafirishaji wa kawaida ambao unavumilia milisekunde kadhaa. Faida yetu kubwa ni kile kigawanyaji kisichotaka umeme: unakifukia kando ya barabara ya kupanda Lodoare, hakina betri ya kuibwa wala jenereta ya kujazwa mafuta.

Ila uzi wa shina ni mmoja. Greda likichimba mtaro vibaya, matawi yote yananyamaza kwa pamoja, pamoja na yule anayejaribu kuita gari la wagonjwa. Kwa hiyo lile dishi la zamani lisishushwe. Libaki juu ya mnara, limewashwa.