Tenga Moja, Bei Mbili

Kampuni zinazouza programu za kompyuta kupitia masoko ya mtandaoni, kama yale ya Amazon na Microsoft, zina utaratibu unaowashangaza wengi wanaokutana nao mara ya kwanza. Bidhaa imebandikwa bei hadharani, lakini mnunuzi mkubwa hailipi bei hiyo. Muuzaji humwandalia ofa yake peke yake: kiasi kwa kila mtumiaji, muda wa mkataba, awamu za kulipa, na tarehe ambayo ofa hiyo itakwisha. Mnunuzi huyo akifungua kiungo alichotumiwa ataiona. Jirani yake akifungua soko lilelile haoni chochote zaidi ya bei ya ukutani. Wanaousifu utaratibu huu huuita ugunduzi wa zama za kidijitali. Wanaoulaumu husema ni ubaguzi wa wateja. Wote wanasahau kwamba bei ya mtu mmoja ndiyo kongwe, na bei ya wote ndiyo mgeni aliyeingia juzi. Morogoro, mji ulio chini ya milima ya Uluguru, una ushahidi wa kutosha juu ya jambo hili, na ushahidi huo unaelekeza kwenye hoja moja: watu wawili kulipa bei mbili tofauti si dhuluma. Dhuluma huanza pale upande mmoja unapojua kinachopimwa na upande wa pili ukapimiwa gizani.

Tuanzie kwenye njia ya misafara. Katikati ya karne ya 19, misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda bara ilipita karibu na mji wa Simbamwene, kando ya mto Ngerengere, katika eneo la Morogoro ya leo. Mji huo uliasisiwa na Kisabengo, kiongozi wa Kizigua aliyejijenga kwa biashara, kwa ukuta na, tusifiche, kwa kuteka watu. Alipokufa, binti yake ndiye aliyetawala. Kama watawala wengine wa njia ile, walidai hongo. Leo neno hilo linanuka rushwa, lakini wakati ule lilikuwa ada ya kupita, na ada hiyo haikuwa na orodha ya bei. Ilijadiliwa msafara kwa msafara, kwa kuangalia wapagazi wangapi, bunduki ngapi, mwenye mali ni nani na ana haraka kiasi gani. Malipo yenyewe yalikuwa doti za vitambaa vya merikani na kaniki, na doti ilikuwa mikono minane, ambapo mkono ni kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole. Kwa hiyo hata kipimo kilikuwa na mwili wa mtu ndani yake, na kila mwili una urefu wake.

Ukiishia hapo utasema ilikuwa fujo tupu. Lakini Henry Morton Stanley, aliyepita Simbamwene mwaka 1871 akimtafuta Livingstone, ameacha habari inayoonyesha kwamba fujo hiyo ilikuwa na kanuni. Wajumbe wa mtawala walimjia wakidai hongo. Akawajibu kwamba desturi ni mwenye msafara kutozwa mara moja, na kwamba sehemu ya msafara wake, iliyotangulia chini ya msaidizi wake Farquhar, ilikwisha kulipa. Wajumbe wakakubali. Ni kweli kwamba anayesimulia ni Stanley, mtu aliyependa kujipamba, na kwamba baadaye yeye na mtawala yule waligombana. Simulizi la upande wa Simbamwene hatunalo. Hata hivyo, hoja aliyoitumia ndiyo yenye uzito. Hakudai bei sawa na ya Mwarabu au Mnyamwezi aliyepita jana. Alidai kwamba bei iliyokwisha kukubaliwa imfunge pia aliyeipokea. Kiasi kilikuwa cha mtu mmoja, ila kanuni ya kutorudia ilikuwa ya wote, na mgeni aliyefika wiki ileile aliweza kuijua na kuishika mkononi kama ngao.

Ukipanda mlimani unakutana na mfano mwingine, wa polepole zaidi. Kwa Waluguru ardhi ilikuwa ya ukoo, na ukoo hufuata upande wa mama. Mwana wa ukoo alilima bila kulipa. Aliyetoka nje ya ukoo aliweza kupewa shamba, lakini alitoa ngoto, malipo ya kila mwaka kwa mkuu wa ukoo. Ngoto mara nyingi haikuwa kubwa. Thamani yake ilikuwa katika kukiri kwamba ardhi ina wenyewe. Hapa bei mbili kwa shamba moja halikuwa jambo la kuficha. Kila mtu alijua nani hulipa, nani halipi, na kwa nini. Mgeni hakujiona ameibiwa kwa sababu jirani yake halipi, maana sababu ya tofauti ilikuwa wazi kama uzazi wenyewe. Ugomvi ulizuka pale viongozi wengine walipoanza kupandisha ngoto ardhi ilipopata thamani ya fedha, yaani pale sababu iliyojulikana ilipogeuzwa kisingizio.

Bei moja kwa wote ilikuja kwa njia nyingine. Huko Ulaya na Marekani ilienezwa na maduka makubwa ya karne ya 19: Bon Marché la Paris chini ya Boucicaut, kisha duka la Wanamaker kule Philadelphia, ambako kila nguo ilikuwa na kikaratasi cha bei na karani hakuwa na ruhusa ya kukipinga. Mwenye duka la makarani mia hawezi kumwamini kila mmoja wao apatane na wateja. Kikaratasi kilimwondolea karani madaraka kabla hakijamwondolea mteja usumbufu. Morogoro kilifika na reli ya Wajerumani mwaka 1907. Tiketi haina mazungumzo. Hata leo, tangu Juni 2024, abiria hushuka kwenye treni ya umeme kutoka Dar es Salaam akiwa amelipa nauli ileile aliyolipa mwenzake wa daraja moja, akaenda Soko Kuu la Chifu Kingalu, na pale kwenye meza ya nyanya mazungumzo yanaanza upya.

Jaribio kubwa la kuifanya bei moja iwe sheria ya maisha lilikuwa letu wenyewe. Mwaka 1973 Tanzania ilitunga sheria ya kudhibiti bei na kuunda Tume ya Taifa ya Bei, na kufikia mwishoni mwa muongo ule bidhaa zilizopangiwa bei zilihesabika kwa mamia na mamia. Kuanzia katikati ya miaka ya 1970 mahindi yalipewa bei moja nchi nzima. Nia ilikuwa njema: mkulima wa Rukwa asiadhibiwe kwa kuzaliwa mbali na bandari. Lakini bei moja nayo si mizani isiyo na upande. Mkulima wa Morogoro, anayeweza kufikisha gunia Dar es Salaam kwa safari ya saa chache, alipokea sawa na yule ambaye gunia lake lilitembea siku kadhaa. Ukaribu wake, mali pekee aliyopewa na jiografia, ukafutwa kwa kalamu. Haishangazi kwamba mazao ya mikoa iliyo karibu na jiji yalijipenyeza kwenye magendo.

Dukani mambo yalikuwa vilevile, kwa sura nyingine. Sukari, sabuni, khanga na mafuta ya kupikia vilikuwa na bei ya serikali iliyoandikwa na kujulikana. Kilichokosekana ni vitu vyenyewe. Basi mapatano, yaliyofukuzwa kwenye bei, yakahamia kwenye kupata: nani ana kibali cha RTC, kampuni ya biashara ya mkoa, nani anafahamiana na meneja, nani atauziwa kwa mlango wa nyuma. Kwenye karatasi bei ilikuwa moja, lakini uliyemjua ndiye aliyeamua kama utailipa au utalipa ya mlanguzi. Hili ndilo jibu langu kwa wanaosema bei moja ni haki kwa sababu ni moja. Ukiiziba tofauti mahali pamoja hutokeza mahali pengine, na mara nyingi penye giza zaidi. Mwaka 1983 serikali iliendesha vita dhidi ya wahujumu uchumi chini ya Waziri Mkuu Edward Sokoine, na watu wengi waliona kwa mara ya kwanza shehena zilizokuwa zimefichwa. Sokoine alifariki kwa ajali ya gari tarehe 12 Aprili 1984 huko Dakawa, mkoani Morogoro. Mwaka huohuo milango ya biashara ilianza kufunguliwa, na baada ya hapo udhibiti wa bei ulilegea hatua kwa hatua. Uadilifu wake ungali unakumbukwa. Chombo alichokabidhiwa, yaani bei isiyosikia uhaba, hakikuweza kumsaidia.

Sasa tuje kwenye tenga. Tarafa ya Mgeta, upande wa magharibi wa Uluguru, hulima kabichi, karoti, njegere na viazi mviringo, mazao ya baridi ambayo wamisionari walichangia sana kuyaeneza. Mboga hizi hushuka kupitia masoko kama Nyandira, na huko hununuliwa kwa bei ya maelewano. Anayekuja na lori anajua bei ya Dar es Salaam ya asubuhi ile. Anayekuja na tenga kichwani, kwa miaka mingi, hakuijua. Juu ya hapo ikaongezwa lumbesa: gunia linajazwa, linafungwa kilemba cha kamba na majani, linapanda hadi kuwa moja na nusu, lakini bei inatamkwa ya gunia moja. Huu ni ujanja wa kipekee. Bei haiguswi; kinachovutwa ni kipimo. Wawili wanaweza kuapa kwamba wameuza kwa bei ileile siku ileile, na mmoja akawa ametoa kilo nyingi zaidi. Wakala wa Vipimo amepiga vita lumbesa kwa miaka, kwa sheria inayotaka mazao yapimwe kwa mizani na gunia lisizidi kilo 100. Vita hiyo haijaisha, kwa sababu mkulima aliye peke yake, mbele ya mnunuzi mmoja mwenye gari, hana pa kulipeleka gunia lililofungwa kihalali.

Hapo ndipo ofa ya programu inapofanana na Uluguru. Mkataba wa programu nao una lumbesa yake, tena nyingi. Bei kwa mtumiaji inaweza kushuka huku idadi ya chini ya watumiaji ikipanda. Punguzo la mwaka wa kwanza linaweza kuambatana na miaka mitatu ya kufungwa. Mnunuzi akitazama asilimia ya punguzo tu, anaangalia bei ya gunia na kusahau kilemba.

Lakini mlinganisho una mipaka, na anayepinga anayo haki ya kuitaja. Atasema kwamba kupatana Nyandira ni watu wawili ana kwa ana, na kila mmoja anaweza kuondoka. Kampuni ya programu ina kumbukumbu za mteja, inajua anatumia nini na atapata shida gani akihama. Ni kweli, na naikubali tofauti hiyo. Hata hivyo haivunji hoja. Inaonyesha tu kwamba nafasi zimebadilishana. Nyandira anayejua zaidi ni mnunuzi, na mtandaoni anayejua zaidi ni muuzaji. Atasema pia kwamba soko la mtandaoni lina mwenyewe, tofauti na gulio. Lakini gulio nalo lina ushuru na dalali. Ushuru wa mtandaoni nao ni vilevile: Microsoft ilikuwa ikichukua asilimia 20 ya mauzo kwenye soko lake, na mwaka 2021 ikashusha hadi asilimia 3. Na muuzaji anaweza kumruhusu wakala atengeneze ofa kwa niaba yake, na wakala huyo ataweka cha juu kama winga, yule dalali wa mitaani wa Kariakoo. Kuna hata jambo ambalo ofa hizi zinalifanya vizuri kuliko mali kauli, ule mkopo wa kuaminiana ambapo mchuuzi huchukua mzigo leo na kulipa akishauza. Awamu za malipo zimeandikwa, na pande zote mbili zina nakala. Stanley angeipenda nakala hiyo.

Kinachobaki ni ile tarehe ya mwisho. Kabichi ya Mgeta ina tarehe yake bila kuandikiwa. Ikilala siku mbili barabarani majani ya nje yanaanza kulegea, na mwenye lori anajua hivyo. Anachohitaji kufanya ni kukawia tu kutaja bei, na kila saa inayopita inamfanyia kazi yeye. Programu haiozi. Nakala ya elfu kumi ni mbichi kama ya kwanza, na muuzaji angeweza kungoja mwaka mzima bila kupoteza hata jani. Ndiyo maana huiandikia ofa siku ya kufa, mara nyingi karibu na mwisho wa robo ya mwaka wa hesabu zake: hutia uozo kwenye kitu kisichooza, na haraka ambayo Nyandira humwelemea muuzaji, hapa hutwishwa mnunuzi.